Mama Geuza na Fundi wa Benchini

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa limelala kabatini siku nyingi. Kiwanda kizima cha mikate, kuanzia mlinzi wa getini mpaka bosi mwenyewe, kilimwita Mama Geuza, na hata mumewe nyumbani alikuwa amelisahausahau lile jingine.

Kazi yake ilikuwa moja. Kila aliyeajiriwa, kabla hajagusa unga, kabla hajapewa hata aproni, alipitia kwenye chumba chake chembamba kando ya mapokezi ili athibitishe kwamba sheria inamruhusu kufanya kazi. Chumbani mlikuwa na meza, taa ya kuinama, kioo cha kukuzia maandishi, na kalenda mbili ukutani, moja ya mwaka huu na nyingine ya mwaka uliokwisha zamani ambayo aliiacha kwa sababu ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji. Mtu akiweka kitambulisho mezani, Mama Geuza hakukigusa. Alikitazama, akamtazama mwenyewe, akakitazama tena, kisha akasema, "Geuza."

Alitaka mwenyewe akigeuze. Alikuwa na elimu yake hapo, hakusomea popote. Alidai kwamba mwenye kitambulisho chake hukigeuza kama anavyogeuza mto kitandani, bila kufikiri, lakini aliyeazima cha binamu yake hukishika kwa ncha za vidole utadhani kinaunguza. Kwa njia hiyo aliwanasa wengi. Pia aliwatia jasho wengi wasio na kosa lolote, kwa kuwa ukimwambia mtu mwaminifu ageuze kitu huku umemkodolea macho, mikono yake nayo hutetemeka. Lakini hilo Mama Geuza hakutaka kulisikia.

Nakala hazikumwingia akilini hata kidogo. Ukimletea cheti kilichotolewa kwenye mashine ya kunakili, anakusukumia kwa kidole kimoja. "Hii ni picha ya cheti, mwanangu. Mimi siajiri picha."

Nyumbani alikuwa yule yule. Bintiye alipoletewa mchumba, wazee wa upande wa pili wamekaa sebuleni wamejipamba, maneno mazuri yamekwisha kusemwa, Mama Geuza akamgeukia kijana na kumwomba kitambulisho. Baba Watoto, mumewe, fundi viatu mpole asiyependa makuu, alijifanya anakohoa. Haikusaidia. Kijana akatoa, akaambiwa ageuze, akageuza, na nyuma ikaonekana kwamba muda wake umekwisha tangu mwaka wa jana. Harusi ikasogezwa mbele mpaka kitambulisho kipya kilipotoka. Leo mkwe huyo, kila akija, hata kabla ya kuvua viatu, hukinyoosha kitambulisho mlangoni. "Shikamoo mama, hiki hapa." Naye mama hukisoma, pande zote mbili, ndipo aitikie.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa mezani asubuhi ile alipofika fundi wa tanuri.

Tanuri kubwa la kiwanda lilikuwa limeanza ukorofi. Linawashwa, moto unashika vizuri, watu wanatabasamu, halafu baada ya kitambo kidogo linajizimia lenyewe kama mtu aliyekasirishwa kikaoni. Mikate ikawa inatoka nusu, nje imepauka, ndani inanata. Fundi wa zamani alikuwa amestaafu na kuhamia mbali, na waliobaki walijua kuwasha na kuzima tu. Bosi akahangaika huku na huko, hatimaye akapata fundi kutoka upande wa pili wa mpaka, mtu aliyekulia ndani ya matanuri ya aina ile ile. Fundi akaja na sanduku la vifaa mkono mmoja na begi dogo la nguo mkono mwingine. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa na adabu nyingi.

"Karibu, fundi," Mama Geuza akasema. "Kibali cha kazi."

"Kiko njiani, mama. Nina barua kwamba maombi yamepokelewa."

"Geuza."

Fundi akaigeuza barua. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Mbele inasema umeomba," Mama Geuza akasema. "Nyuma haisemi kitu. Ya 'umepewa' iko wapi?"

"Ya 'umepewa' bado, mama."

"Basi kaa pale kwenye benchi."

Bosi alipopata habari alikuja mbio, tai imemkaa begani. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na subira fupi. "Mama, tanuri limelala! Mwache mtu aanze, karatasi zitamkuta humo humo."

"Zikimkuta ni sawa. Wakaguzi wakizitangulia je?" Mama Geuza akainuka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Akikutwa anafanya kazi bila kibali, wewe utapewa onyo, utakunywa maji, utalala. Yeye atarudishwa kwao siku hiyo hiyo, na jina lake litawekewa alama. Hatakanyaga tena huku, si leo, si akiwa mzee."

"Nani atamwona?"

"Mimi nimeshamwona."

Bosi akaondoka. Fundi kule kwenye benchi alikuwa amesikia kila neno, na masikio yake yalikuwa yamewiva. Mkewe na mapacha wao walikuwa wamekwisha kurudisha chumba walichopanga kule kwao. Sasa walijibanza kwa mama mkwe, mizigo imefungwa, wanangoja neno moja tu: kimetoka. Kibali kikitoka, wanapanda basi. Jina likiwekewa alama, wamebaki bila huku wala kule.

Hapo ndipo kilipoanza kile ambacho kiwanda kizima mpaka leo hukisimulia kwa kutia chumvi.

Mama Geuza aliamua kwamba, kama mtu haruhusiwi kufanya kazi, basi asifanye. Na yeye akisema asifanye, hakumaanisha nusu. Dirisha la chumba chake lilitazama benchi moja kwa moja. Kijana wa magari alipopita na makreti ya mifuko, fundi akanyanyuka kumshikia mlango.

"Fundi!" sauti ikatoka dirishani. "Mlango una mlinzi wake. Kuushika ni kazi."

Fundi akauachia, ukampiga kijana wa magari kisogoni.

Simu ya mapokezi ililia, dada wa mapokezi hayupo, fundi akanyoosha mkono. "Hiyo ni kazi!" Mfagizi aliangusha ufagio miguuni mwake, akainama kuuokota. "Hiyo nayo ni kazi!" Ikafika mahali watu wanaangusha vitu mbele yake makusudi, wapate kumsikia Mama Geuza akipaza sauti. Maskini fundi akawa anakaa na mikono chini ya mapaja.

Siku moja dirisha lilifungwa kwa muda, Mama Geuza amekwenda kuweka mafaili mahali pake. Benchi lile lilikuwa na mguu uliolegea, likiyumba kila anayekaa akipumua. Fundi hakuvumilia. Akatoa bisibisi, akapiga magoti, akakaza skrubu mbili, akakaa tena na uso wa mtoto mwema. Mama Geuza akarudi, akalitazama benchi, akaligusa kwa goti. Halikuyumba.

"Nani amelifanya hivi?"

Fundi akainamisha kichwa. "Lilikuwa linayumba, mama."

"Lirudishe lilivyokuwa."

"Nililegeze?"

"Ulilegeze. Na ukimaliza kulegeza, usitengeneze kitu kingine."

Akapiga magoti tena, akalegeza. Wakati huo watu wa ufungashaji walikuwa wamejazana koridoni, wameshikilia mbavu. Mzee Unga, mwokaji mkuu, mtu wa tumbo kubwa na mikono minene kama mikate yake, alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea. Fundi peke yake ndiye hakucheka. Fundi kuambiwa aharibu kitu kilichopona ni adhabu ambayo hata jela hawatoi.

Usidhani Mama Geuza alikuwa na roho mbaya. Kila asubuhi, kabla hata hajavua kitambaa cha kichwani, alipiga simu kwenye ofisi ya vibali. Karani wa huko alikuwa ameshaijua sauti yake na kuichoka. "Kiko mezani, mama, kinangoja sahihi." Kesho yake, "Kiko mezani." Keshokutwa, "Mama, nakuomba, nitakupigia mimi." Na kwa vile chai ya kiwanda ilikuwa ya wafanyakazi, na fundi bado si mfanyakazi, alianza kubeba chai kutoka nyumbani katika chupa kubwa ya safari.

"Hii chupa mbona imekua?" Baba Watoto akamuuliza.

"Nina mgeni ofisini."

"Mgeni gani?"

"Mgeni asiyeruhusiwa kufanya chochote."

Baba Watoto akaendelea kushona soli yake. "Mpe pole. Mwambie tuko wengi."

Kila mchana mke wa fundi alipiga simu. Fundi aliitika kwa sauti ya chini, amegeukia ukuta. "Bado, mama mapacha... Ndiyo, nimekaa... Leo pia nimekaa." Mama Geuza alikuwa akiinama kwenye mafaili yake asiyasome, na moyo ulimuuma kweli kweli. Lakini hakusogeza kidole. Alijua kuwa huruma ya dakika moja ingemgharimu yule mtu nyumba nzima.

Tanuri nalo likazidi. Sasa halikai na moto hata kwa muda wa kupuliza chai. Maduka yakaanza kupiga simu, mengine yakaanza kutopiga, na hayo ya pili ndiyo yaliyomnyima bosi usingizi.

Siku mambo yalipopasuka, ilianza vibaya tangu alfajiri. Mkanda wa mkoba wa Mama Geuza ulikatika mlangoni. "Niachie nikushonee," mumewe akasema, "chukua ule mwekundu wa harusini." Mama Geuza, huku akilalamika kwamba ule mwekundu haufungi, akamwaga ndani yake funguo, kitana, leso, miwani na mwavuli mdogo, akachukua na chupa ya chai, akatoka mbio.

Alipofika, fundi yuko mahali pake na Mzee Unga kashatoka tanurini amekata tamaa. Tanuri lilikuwa limejizima tangu usiku na kupoa kabisa. Alasiri Mama Geuza akamimina chai vikombe viwili, akaja akakaa kwenye benchi pembeni ya fundi. Benchi likayumba. Wakanywa. Kuna swali lilikuwa limemkaa kooni siku nyingi.

"Hivi, fundi, tanuri zima laweza kujizimia hivi hivi tu?"

Fundi akamtazama kwa hadhari. "Mama, nikikujibu, si nitakuwa nafanya kazi?"

Mama Geuza akashusha kikombe. Sheria yake mwenyewe ilikuwa imemkalia mguuni. Akanywa chai, akafikiri, akanywa tena.

"Hadithi je? Hadithi unazijua? Hadithi si kazi."

"Hadithi ninazo," fundi akasema pole pole, na kwa mara ya kwanza akatoa mikono chini ya mapaja. "Palikuwa na mlinzi mmoja. Mdogo, wa chuma, urefu wake kama kalamu. Alikaa mbele ya moto, karibu kabisa na pua yake. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba moto upo. Akiuona, anaruhusu gesi ipite. Asipouona, anafunga gesi, maana gesi ikipita bila moto, nyumba nzima italipuka."

"Mlinzi mwema," Mama Geuza akasema.

"Mwema sana. Alipendwa na wote. Lakini miaka ikapita, masizi yakamjaa usoni. Moto uko pale pale, unawaka, unamwita, yeye haoni. Akawa anafunga. Wanawasha, anafunga. Watu wakalia njaa."

"Wakamfukuza?"

"Hapana! Wakimfukuza, nyumba italipuka. Walimsafisha uso tu. Skrubu mbili ndizo zinazomshika, ndani ya kile kidirisha kidogo cha nyuma. Unafunga gesi, unangoja nyumba ipoe, unaingiza mkono, unamtoa, unamsugua taratibu kwa kitu cha kukwaruza kidogo mpaka ang'ae, unamrudisha alipokaa. Hadithi yangu imekwisha."

"Nani alikusimulia hiyo?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako alizijua skrubu?"

"Bibi yangu alijua mengi, mama."

Mama Geuza akatazama kikombe chake. Hakufurahishwa sana na jinsi mlinzi yule alivyofanana na mtu anayemfahamu.

Kabla hajasema neno, bosi akatokea koridoni. Safari hii hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Mama Geuza. Duka kubwa kuliko yote limetuambia basi. Ikifika saa kumi, ama huyu bwana awe ndani ya tanuri, ama wewe ukusanye vitu vyako mezani. Mimi nimechoka." Akageuka, mlango ukafungwa.

Ilikuwa imekaribia saa kumi. Fundi akasimama. Akaanza kukunja mikono ya shati, mmoja, wa pili. "Mama, umenitunza vya kutosha. Sitaki umwage unga kwa ajili yangu. Ni dakika chache tu. Naingia, natoka."

"Kaa!"

"Mama—"

"Nimesema kaa! Una mapacha wewe!" Sauti yake ilimtoka na machozi yake kwa pamoja, naye akakasirikia vyote viwili. "Mimi ndiye ninayeruhusiwa kufanya kazi hapa. Na hadithi nimesimuliwa mimi."

Akafungua droo ya meza yake, akatoa tupa ya kucha. Akavua viatu. Akaenda zake tanurini peku peku, tupa mkononi, mithili ya mtu anayekwenda kumaliza ugomvi wa siku nyingi.

Mzee Unga alipoambiwa afungue kile kidirisha cha nyuma, alidhani mama wa watu amechanganyikiwa. "Gesi umefunga?" "Nimefunga." "Limepoa?" "Limepoa kama kaburi. Lakini mle mkono wangu hauingii, nimeshajaribu." Kweli, kidirisha kile kilitengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona mwokaji. Mkono wa Mama Geuza uliingia, ukafuatwa na bega, kisha kichwa. Bisibisi ya Mzee Unga ikaingia nyuma yake. Huko ndani akasikika akipiga chafya, akimsema mtu asiyejulikana, kisha kimya, kisha sauti ya tupa: kwaru, kwaru, kwaru.

Wakati huo huo mlinzi wa getini akaingia mapokezi pumzi juu. Wakaguzi wa vibali wamefika.

Aliyetangulia alikuwa mama mmoja mrefu, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, mwendo wake wa mtu asiyeharakishwa na yeyote. Nyuma yake wenzake wawili. Wa kwanza kukutana naye alikuwa fundi, peke yake kwenye benchi, mikono ya shati imekunjwa, sanduku la vifaa miguuni.

"Kibali?"

"Sina, mama. Bado hakijatoka."

"Na hapa unafanya kazi gani?"

"Nakaa, mama."

"Nyoosha mikono."

Fundi akainyoosha. Mkaguzi akavaa miwani, akaitazama kucha kwa kucha, akaigeuza, akaitazama viganja. Ilikuwa safi kama ya bwana harusi. Akawauliza waliokuwa wamejazana koridoni, nao wakaanza kusema wote kwa mpigo: huyu hajafanya kitu, huyu amezuiwa hata kushika mlango, huyu alilikaza benchi akaambiwa alilegeze. Mkaguzi akalisukuma benchi kwa mkono. Likayumba. Mdomo wake ukacheza kidogo upande mmoja, lakini akauzuia.

Bosi alikuwa amewasili, tai imenyooka, tabasamu limejaa. "Sisi hapa, mheshimiwa, sheria ndiyo msingi wetu. Nimewaambia siku zote, bila kibali mtu asiguse kitu!"

Hakuna aliyemtazama machoni, kwa heshima yake.

Wakaguzi wakaendelea ndani mpaka tanurini. Pale nyuma waliona nyayo mbili zilizochakaa, sketi ya ofisini yenye masizi, na sehemu nyingine yote ya mtu imo ndani ya tanuri.

"Na huyu?"

"Huyo ni afisa wa waajiriwa," Mzee Unga akasema.

"Afisa wa waajiriwa anafanya nini ndani ya tanuri?"

Mama Geuza akachomoka kinyumenyume, uso mweusi, tupa ya kucha mkononi. "Nimemaliza," akasema. "Washa, mzee." Ndipo akawaona wageni.

"Kitambulisho," mkaguzi akasema.

Mama Geuza alikaribia kufurahi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba. Akaongoza njia mpaka chumbani kwake, akaufungua mkoba mwekundu: funguo, kitana, leso, miwani, mwavuli. Akapekua tena. Akaumwaga wote juu ya meza. Kitambulisho kilikuwa kimelala kwenye kijifuko cha zipu, ndani ya mkoba ule mwingine, chini ya sindano ya Baba Watoto.

"Kiko nyumbani," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Lakini mimi nafahamika hapa. Ni mimi ninayekagua vya wengine!"

"Mtu akija kwako akasema anafahamika, unamkubali?"

Koridoni watu wakasogea karibu wasikie.

"Simkubali," Mama Geuza akasema.

"Basi, mama yangu, kaa pale mpaka kiletwe."

Akaenda akakaa kwenye benchi, pembeni ya fundi, peku peku, masizi mpaka kwenye nyusi. Benchi likayumba. Wakakaa wote wawili, mikono mapajani, kama watoto walioadhibiwa pamoja. Dada wa mapokezi akatumwa kumpigia Baba Watoto simu. Kutoka tanurini walisikia mlipuko mdogo wa moto kushika, halafu mngurumo. Wakangoja uzimike. Haukuzimika. Wakangoja tena. Baada ya muda harufu ya mkate ikaja koridoni, ikawafikia walipokaa.

"Mlinzi anaona," fundi akanong'ona.

Kabla Mama Geuza hajajibu, simu ikaanza kulia, ile ya mezani kwake, ndani ya chumba. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuahidi kumpigia kwa namba ile. Akainuka nusu.

"Mama," fundi akasema kwa upole mkubwa, "hiyo ni kazi."

Alikuwa hajui ni nani anayepiga. Mama Geuza alijua. Akamtazama yule mkaguzi aliyesimama mlangoni, akamtazama fundi, akajiona mwenyewe amenaswa kwenye kamba alizozisokota kwa mikono yake. Akakaa. Simu ikalia, ikalia, ikanyamaza. Kiwanda kizima kilimwona Mama Geuza akilia huku anacheka, masizi yakimchora mistari mashavuni, na hakuna aliyejua amwonee huruma au amcheke, wakafanya yote.

Baba Watoto akafika akitweta, mkoba wa zamani kwapani, mkanda umeshonwa upya vizuri. Akampa mkaguzi kitambulisho. Mkaguzi akakisoma, akataka kumrudishia mwenyewe.

"Samahani, mheshimiwa," Baba Watoto akasema, na alikuwa akingoja kulisema neno hilo tangu siku ya mchumba. "Geuza."

Hapo mkaguzi alishindwa. Alicheka mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye uzi wake.

Wakaguzi walipotoka, Mama Geuza alikimbilia simu kabla hata ya kunawa. Karani wa ofisi ya vibali alisikika kachoka. "Mama, nimekupigia hukupokea! Kimetiwa sahihi. Waweza kumtuma akichukue kesho asubuhi." Akaweka simu chini, akatoka, akasimama mbele ya fundi. Alitaka kusema vizuri, lakini kilichotoka ni neno moja tu. "Kimetoka."

Fundi akapiga namba ya mkewe, akaweka simu sikioni, sauti ikamkatalia. Akampa Mama Geuza.

"Mwanangu, ni mimi wa ofisini. Kimetoka. Njooni." Upande wa pili kukawa na kelele za watoto na mtu anayelia. Mama Geuza akangoja ziishe, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Na vyeti vya mapacha uje navyo. Vyenyewe, usiniletee picha."

Kesho yake fundi alirudi na kibali mkononi. Mama Geuza akakisoma chini ya taa, kisha kwa kioo, kisha akasema ageuze. Fundi akakigeuza bila kufikiri, kama mtu anayegeuza mto kitandani. Mama Geuza akagonga muhuri.

"Haya, anza kazi."

"Nianzie wapi, mama? Tanurini?"

Mama Geuza akatoka naye hadi koridoni, akalisukuma benchi kwa goti. Likayumba.

"Anzia hapa," akasema.